Doa kwenye dari, keria juu ya paa: kisa cha Beetle ya 1968

Mwalimu hakuja kwa ajili ya keria. Alikuja kwa ajili ya doa. Lilikuwa kwenye kitambaa cha dari cha Volkswagen Beetle yake ya 1968, upande wa kushoto, juu ya kioo cha nyuma cha ubavuni; la kahawia, kubwa kama kiganja, na kingo zake zimekolea kuliko katikati. "Fundi, mpira wa kioo umechoka," akaniambia. "Nibadilishie." Keria ilikuwa juu ya paa wakati tukizungumza, na hakuitaja hata mara moja.

Nakieleza kisa hiki hatua kwa hatua, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe, kwa sababu magari mengi ya zamani yanaumizwa na keria kwa njia hii hii huku mwenye gari akitibu kitu kingine.

Anayetafuta maji yanapoingilia huanza chini na kupanda. Ukianza kumwagia paa, maji yatashuka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Nilikaa ndani na tochi, kijana wangu akashika mpira wa maji nje. Dakika tano nzima aliumwagia mpira wa kioo, hapakuwa na kitu. Nikamwambia apande hadi kwenye mfereji wa mvua, ule ukingo mwembamba unaozunguka paa juu ya milango. Hazikupita dakika tatu, tone likatokea nyuma ya kitambaa, likasimama kidogo, likaanguka kwenye goti langu. Mpira wa kioo haukuwa na hatia.

Mfereji huu ndio moyo wa habari yote, kwa hiyo tuuangalie vizuri. Kwenye Beetle, bati la paa na bati la ubavu hukutana pembeni na kuunganishwa kwa nukta za moto, kisha ukingo ukakunjwa kuwa kijifereji cha kupeleka maji mbali na mlango. Maungio yapo chini kabisa ya kijifereji, na kinachozuia maji kupenya ni silanti, yaani dawa laini ya kuziba nyufa, iliyopakwa juu yake na rangi juu ya silanti. Sehemu ya chini ina nguvu kwa sababu ni mabati mawili yaliyoshikana. Mdomo wa nje hauna nguvu hiyo. Ni bati jembamba lililokunjwa tu. Keria za magari ya aina hii hazifungwi kwenye paa. Hufungwa kwenye mfereji: mguu unasimama ndani yake, na klampu inaushika mdomo kutoka chini.

Tulipoishusha keria, mambo yakawa wazi. Mahali uliposimama mguu wa nyuma wa kushoto, mdomo wa mfereji ulikuwa umelala nje kwa urefu wa karibu sentimita 12. Silanti ilikuwa imepasuka vipande vipande kama tope la bwawa lililokauka, na kila ufa ulikuwa na mstari wa kutu. Upande wa kulia ulikuwa umeanza njia hiyo hiyo lakini haujafika mbali.

"Mwalimu, hii keria unaikaza mara ngapi?"

"Kila safari. Huwa inarudi nyuma. Ikirudi naisogeza mbele, naikaza. Ikirudi tena, naikaza zaidi." Akafungua mlango akanionyesha spana namba 10 aliyoiweka mfukoni mwa mlango kwa kazi hiyo tu.

Kosa langu lilianzia hapa. Nilisikia "inarudi nyuma", nikafikiri kama yeye: haishiki vizuri. Raba za miguu zilikuwa ngumu na zinang'aa, nikasema hizi ndizo zinazoteleza. Nikaunyoosha mdomo wa mfereji kwa muda, nikakata raba mpya, nikaifunga keria palepale alipokuwa akiifunga yeye. Kando ya kila mguu nilibandika kipande cha tepu ya karatasi, nikachora mstari wa kalamu unaovuka kutoka kwenye mguu hadi kwenye tepu. Mguu ukisogea, mstari unakatika, na unaweza kuupima kwa rula. Tukapakia mizigo yake ya kawaida, tukaendesha kilomita 30 kwenye barabara yenye mashimo. Tuliporudi, mistari yote minne ilikuwa imeachana kwa milimita 7. Bolti zote zilikuwa bado zimekaza. Yaani haikulegea, iliserereka ikiwa imekazwa. Na chini ya miguu ya nyuma palikuwa na vumbi jeusi la raba mpya, lililosagwa siku ile ile.

Nilipaswa kupima kabla ya kukata raba hata moja. Nikachukua simu yenye programu ya kupima mwinuko, nikailaza kwenye mfereji penye kila mguu. Miguu ya mbele ilisimama karibu na kilele cha paa, mwinuko wa digrii 1, sawa na kusema pamenyooka. Miguu ya nyuma ilisimama kwenye mteremko wa digrii 17 kuelekea nyuma. Paa la Beetle ni kuba: mfereji wake unapanda kutoka kwenye nguzo ya kioo cha mbele, unafika kilele juu ya mlango, kisha unateremka hadi nyuma ya kioo cha ubavuni. Uzito wote wa juu ulikuwa kilo 61. Tuseme nusu yake, kilo 30, ulilalia miguu ya nyuma. Kwenye mteremko wa digrii 17, hizo kilo 30 zinasukuma nyuma kwa nguvu inayokaribia kilo 9, usiku na mchana, hata gari likiwa limesimama. Ongeza upepo unaoukabili mzigo na mtikisiko wa kila shimo. Raba gani itavumilia?

Anayejua punda ataelewa mara moja. Tandiko likikaa katikati ya mgongo, upande wa mbele unauzuia wa nyuma na wa nyuma unauzuia wa mbele. Likiwekwa nyuma ya mgongo, litakwenda mkiani hata ukikaza mikanda mpaka mnyama ashindwe kupumua. Keria ya Mwalimu ilikuwa nyuma ya mgongo. Ingesogezwa mbele kiasi cha miguu ya mbele kuvuka kilele na kusimama kwenye mteremko wa upande wa pili, isingeweza kurudi nyuma bila kwanza kupanda mlima.

Kwa nini basi aliifunga nyuma? Kwa sababu ndipo pekee ilipoingia. Paa la Beetle si sawa kwa upana: pale mbele ilipopaswa kukaa, umbali kati ya mfereji wa kushoto na wa kulia ulizidi wa kule nyuma kwa milimita 46, na mataruma ya keria yale, paipu zinazokingama kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia, hayakurefuka. Halafu miguu yote minne ilikuwa na urefu mmoja. Hiyo ni alama ya keria iliyotengenezwa kwa gari lenye mfereji ulionyooka. Mwalimu alikuwa ameinunua kwa mtu aliyemwambia kwamba inaingia Volkswagen yoyote. Neno "yoyote" linapaswa kumshtua mnunuzi. Type 3 ina paa bapa, Type 2 ni basi lenye paa refu lililonyooka, na Beetle ni kuba. Nembo moja, mapaa matatu yasiyofanana.

Kulikuwa na kasoro ya tatu, ndogo kwa macho na kubwa kwa madhara. Kipande cha chini cha mguu kinachoingia mferejini, mimi hukiita ulimi, kilikuwa na upana wa milimita 14. Mfereji wenyewe, kwa ndani, ulikuwa milimita 11. Maana yake ulimi haukuwahi kufika chini penye mabati mawili. Ulikalia mdomo. Kila alipokaza bolti, Mwalimu alikuwa anauvuta mdomo huo dhaifu kutoka chini na kuukandamiza kutoka juu, huku keria ikiuburuta kuelekea nyuma. Doa la dari lilizaliwa hapo.

Nilimpa njia ya mkato: nunua keria mpya iliyotengenezwa kwa kufuata ya zamani, iliyopimwa kwa Beetle. Zipo, na baadhi ni nzuri. Hakutaka. Mbao za keria ile alikuwa amezipiga msasa na kuzipaka vanishi kwa mikono yake, na fremu ilikuwa nzima kabisa. Nakiri nilifurahi aliposema hapana. Kutupa fremu nzima kwa sababu ya miguu minne ni uharibifu unaoniuma kila ninapouona. Kwa hiyo tukaanza kutafuta miguu.

Utafutaji ulikula wiki saba, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye kukataa vitu. Kwanza zikaja klampu za "kila gari", zenye taya zinazofunguka na kufunga. Ulimi wake ulikuwa mnene kuliko ule tuliokuwa nao. Kisha akapatikana mtu mwenye seti ya miguu aliyoitangaza kuwa ya Beetle, na picha ilionyesha lebo ya mfuko yenye namba inayoanza na 211. Spea za Volkswagen za enzi hizo zina namba ya tarakimu tisa, na tatu za mwanzo hutaja aina ya gari ambayo spea ilibuniwa kwanza: 111 ni Beetle, 211 ni Type 2. Tatu za katikati hutaja kundi, kwa mfano zinazoanza na 8 ni za bodi na zinazoanza na 9 ni za umeme. Tatu za mwisho ni kipande chenyewe, na mara nyingi kwa vitu vinavyokuja jozi, namba witiri ni ya kushoto na shufwa ni ya kulia. Zipo spea za basi zinazoingia Beetle, hasa za injini. Lakini kitu cha paa? Miguu ile ilikuwa ya basi, na muuzaji huenda hakujua. Namba hii haisaidii kila mara, kwa sababu keria nyingi zilitengenezwa na viwanda vingine vya vifaa na hazina namba ya Volkswagen hata kidogo. Hapo kinachobaki ni rula.

Tulichopata hatimaye kilikuwa keria iliyokufa. Fremu yake ililiwa na kutu mpaka ikakatika katikati, lakini miguu ilisimama. Mwenye nayo alituma picha moja iliyopigwa kutoka juu, akaandika "orijino". Nilitaka kukubali, maana tulichoka. Mwalimu akanizuia. Aliandika ujumbe kama anayetunga mtihani: mistari sita yenye nafasi za kujaza. Urefu wa kila mguu kutoka ulimi hadi tundu la juu. Upana wa ulimi. Unene wa ulimi. Uwazi wa ukucha wa klampu. Kipenyo cha bolti. Na picha ya kila mguu ukiwa umelala ubavu kando ya rula. Yule bwana alijaza yote. Miguu ya mbele ilikuwa na urefu mmoja, ya nyuma urefu mwingine, na ulimi milimita 9. Tofauti hiyo ya urefu ilinitosha kujua kwamba miguu hii ilitengenezwa kwa kuba, si kwa paa bapa. Tangu siku hiyo ninatumia mistari ile sita ya Mwalimu kwa kila ninayemnunulia spea ya mbali.

Ilipofika, mguu mmoja wa mbele ulikuwa na ufa kwenye maungio ya ulimi. Nikalisaga lile ungio lote na kuandaa kuchomelea upya, na kwa kuwa pembe ya ulimi ndiyo kila kitu, nilichukua kipimo kwa karatasi ngumu kutoka mguu wa pili. Hapa kuna mtego: mguu wa kushoto na wa kulia ni kama viganja vya mikono. Ukinakili kama ulivyo, unapata miguu miwili ya kushoto. Niligeuza karatasi kabla ya kuchora.

Kuongeza upana hakukuwa kugumu. Mataruma ya keria ni paipu ya mraba ya milimita 20 yenye kuta za milimita 2, kwa hiyo ndani yake inabaki milimita 16. Paipu ya 16 ilipaswa kuingia kama droo. Haikuingia, kwa sababu paipu ya namna hii ina mshono wa kuchomelea unaojitokeza kwa ndani. Nilipitisha tupa nyembamba pole pole mpaka ikakubali, nikatoa vipande viwili vya kuchomoza mbele na kuvifunga kwa bolti zinazopenya paipu zote mbili. Sasa upana unaweza kurekebishwa.

Kuhusu bolti, miguu ya zamani ilikuwa na siri yake. Tatu zilikuwa M6, kama inavyotarajiwa kwa gari la Ujerumani. Ya nne ilikuwa ya robo inchi, nyuzi 20 kwa inchi. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Moja ina milimita 6, nyingine 6.35. Mtu alikuwa amelazimisha nati ya M6 kwenye bolti ya robo inchi, ikaingia mizunguko miwili ikala nyuzi zote mbili, na ikabaki pale ikionekana imekaza. Nilitupa zote nne. Nikaweka M6 mpya zisizoshika kutu, na nati zenye kiduara cha nailoni ili zisijifungue kwa mtikisiko. Chuma kisichoshika kutu kikikutana na chuma kisichoshika kutu huwa kinang'ang'aniana kwenye nyuzi mpaka ukate bolti, kwa hiyo kila moja ilipata grisi ya kuzuia kugandamana kabla ya nati kupanda.

Mfereji niliutengeneza kabla ya yote haya, wakati tukisubiri miguu. Sikutumia moto. Kitambaa cha dari kimegundishwa karibu sana na hapo, na mpira wa kioo uko chini yake. Mwali mdogo ungetuletea kazi nyingine ya mwezi mzima. Niliunyoosha mdomo kwa kipande cha mbao ngumu upande wa ndani na nyundo ndogo upande wa nje, milimita chache kila mara, kwa sababu bati lililokunjwa mara nyingi hupasuka kwenye kona. Kisha brashi ya waya, msasa, na sindano nene ya kuchokoa kila doa la kutu kuona kama imetoboka. Haikuwa imetoboka. Dawa ya kutu, praima, silanti mpya iliyolazwa kwa kidole chini ya mfereji, kisha rangi. Niliipa silanti siku zake za kukauka hata Mwalimu alipoanza kuuliza. Mpira wa maji ukarudi, dakika kumi badala ya tatu. Dari kavu.

Siku ya kufunga tulianza bila kukaza chochote. Miguu ya mbele ilivuka kilele na kukaa kwenye mteremko wa digrii 9 kuelekea mbele. Ya nyuma ilipanda kutoka digrii 17 hadi 11 kwa kuwa keria nzima ilisogea. Ulimi ulifika chini ya mfereji. Nilijua kwa kupitisha kipande cha karatasi chini yake: kilishikwa katikati, si pembeni. Raba tulizoweka ni nyembamba na za kijivu, maana raba nyeusi huacha madoa kwenye rangi nyeupe yasiyotoka kwa kuosha. Tukakaza kwa mshazari, mbele kushoto, nyuma kulia, na kadhalika, kidogo kidogo, nikamalizia kwa spana ya kupima nguvu kwenye nyutonimita 5. Mwalimu alishangaa ilivyo kidogo. Alikuwa amezoea kutumia mkono wote.

Jambo moja alilipinga: mzigo. Kitabu cha gari kinaruhusu kilo 50 juu ya paa, nami huhesabu uzito wa keria yenyewe ndani yake. Keria ni kilo 13. Dumu la chuma la lita 20 likijaa maji ni kama kilo 24, gurudumu la pili la akiba kilo 15, hema kilo 9. Hizo ndizo zile 61. Hoja yake ilikuwa kwamba safari zote zile gari halikulalamika. Nilimweleza kwamba Beetle yake ina ekseli za nyuma zinazobembea: mwili wa gari ukiinuka upande mmoja kwenye kona, gurudumu linajikunja kuelekea chini ya gari na kushika barabara kwa ukingo tu. Uzito wa juu huongeza kulala huko. Dumu likashuka sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, gurudumu likabaki nyumbani. Juu pakabaki hema na vitu vyepesi, jumla kilo 35 pamoja na keria. Na turubai lifungwe fupi: injini ya Beetle inapozwa kwa hewa, na hewa hiyo inaingilia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma. Turubai linaloning'inia hapo linaiziba pua.

Kilomita 30 zile zile, mashimo yale yale. Mbele mistari haikuachana hata kidogo. Nyuma ilisogea chini ya milimita 1, raba ikitafuta mahali pake. Tulikaza tena baada ya kilomita 50, na tangu hapo, wiki sita, safari nne, mistari imebaki imenyooka. Dari ni kavu. Kitambaa chenye doa hajataka kukibadilisha.

Kulibaki na sauti. Kuanzia kilomita 70 kwa saa, taruma la mbele lilipiga mluzi mwembamba unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, kwa sababu upepo unapoipita paipu laini hujikata kwa zamu, juu na chini, kwa mpigo ulio sawa. Tuliizungushia kamba nyembamba ya katani mfano wa parafujo, mzunguko mmoja kwa kila sentimita 8, toka mwisho hadi mwisho, ili upepo usiachane nayo kwa pamoja. Mluzi ukakatika. Mwalimu aliendesha, mimi nikakaa kando yake na dirisha wazi, na hatukusikia ila injini.